Chipu Kuukuu, Somo Jipya: Tunawashukuru Wanaotunza Prosesa za Zamani

Majuzi mwenzetu mmoja hapa ofisini aliweka kitu mezani wakati wa chai. Kilikuwa kipande cha kijivu, ukubwa wa biskuti, na upande wa chini vijiti vingi vya rangi ya dhahabu vimesimama kama meno ya kitana. Alikuwa amekitoa kwenye kompyuta iliyokuwa inaenda kutupwa.

"Hii ni nini?" tukamuuliza.

"Prosesa. Ya miaka ya tisini. Kuna watu wanazitafuta hizi kama vile wengine wanavyotafuta stempu."

Mmoja wetu akacheka. Ati watu wazima wanaweka takataka kabatini, wanazipanga kwa mwaka na kwa kiwanda, na wakikosa moja hawalali? Mwingine akasema hizo ni starehe za watu wasio na shida ya karo. Ubishi ukala chai yote, na tuliporudi kazini bado ulikuwa haujaisha. Tumeendelea nao tangu siku hiyo, na tumefika mahali ambapo hatukutarajia: tunadhani watu hawa wanastahili shukrani. Na wewe unayetuma na kupokea pesa kwa simu una mengi ya kujifunza kwao kuliko unavyofikiri.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Pesa zako zinaelea kila siku kutoka simu hadi simu. Hebu tuangalie zilivyoundwa.

Prosesa ni nini, na nani ana haja nayo ikizeeka?

Prosesa ni ile chipu inayopiga hesabu na kutoa amri ndani ya mashine. Kompyuta inayo. Simu yako inayo. Hata laini yako, ile kadi ndogo unayoiogopa isianguke ukiibadilisha, ina prosesa ndani yake. Ukibonyeza namba ya siri na meseji ikaingia baada ya sekunde chache, kazi hiyo imepitia prosesa nyingi njiani.

Ya kwanza kuuzwa madukani kama chipu moja ilikuwa Intel 4004, iliyotangazwa Novemba 1971. Haikubuniwa kubadilisha dunia. Kampuni ya Busicom ya Japani ilitaka chipu za mashine ya kupigia hesabu, basi. Kina Federico Faggin, Ted Hoff, Stan Mazor na Masatoshi Shima wakaifanya kazi hiyo, na ikatoka chipu yenye transista 2,300 hivi na miguu 16. Transista ni kama swichi: inawaka au inazima. Simu ya kisasa ina mabilioni ya swichi hizo.

Mwanzoni haki za kuiuza 4004 zilikuwa za Busicom. Intel ikajadiliana nao, ikarudisha dola 60,000, na yenyewe ikapata ruhusa ya kuwauzia wengine. Fikiria biashara hiyo. Busicom baadaye ilianguka. Chipu iliyouziwa ruhusa ndiyo iliyofungua njia.

Leo 4004 za mwanzo, hasa zile za kauri nyeupe zenye mistari ya kijivu na miguu ya dhahabu, ni kama pembe za ndovu kwa wapenzi wa prosesa. Na ukiitazama chipu yenyewe kwa hadubini, pembeni utaona herufi F.F. Faggin alitia sahihi kazi yake, kama fundi wa Lamu anavyoacha alama yake kwenye mlango aliouchonga.

Wapenzi hawa wako nchi nyingi. Wengine ni wahandisi waliostaafu, wengine ni vijana ambao chipu wanazozitunza ziliundwa kabla hawajazaliwa. Kuna anayekusanya familia moja tu ya Intel. Kuna anayetafuta chipu za Kisovieti kama KR580VM80A, iliyoigwa kutoka 8080 ya Intel, au U880 ya Ujerumani Mashariki, iliyoigwa kutoka Z80. Kila chipu wanaipiga picha, wanaandika namba zake, kiwanda na wiki iliyotengenezwa. Kwa ufupi, wanaweka daftari. Na sisi tulio kwenye kazi ya pesa tunajua msemo ule: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ukoo wa simu yako

Ukimkuta mpenzi wa prosesa mwenye maneno, muulize simu yako ilitoka wapi. Atakupa ukoo mzima kama babu anayetaja mababu.

Mwaka 1975 kampuni ya MOS Technology ilitoa chipu iliyoitwa 6502. Chuck Peddle na wenzake waliiuza kwa dola 25, wakati chipu za washindani zilikuwa zinatangazwa kwa dola 179. Watu walidhani ni utapeli. Haukuwa utapeli. Wenye pesa kidogo wakaingia mchezoni: Steve Wozniak akaitumia kwenye Apple ya kwanza, 1976. Ikaingia pia kwenye kompyuta ya shule za Uingereza, BBC Micro, iliyoundwa na kampuni ndogo ya Acorn mjini Cambridge mwaka 1981.

Acorn walipotaka chipu yenye nguvu zaidi, hawakupenda walizoziona sokoni. Wakaenda Arizona, Marekani, kumtembelea Bill Mensch, mmoja wa waliounda 6502, na wakakuta kazi ya kuunda prosesa inafanywa na kikundi kidogo tu. Wakarudi nyumbani wakijiambia: kumbe hata sisi tunaweza. Sophie Wilson na Steve Furber wakaanza. Tarehe 26 Aprili 1985 chipu yao, ARM1, ikawashwa na ikafanya kazi mara ya kwanza. Kuna kisa ambacho wapenzi hawachoki kukisimulia: Furber alipopima umeme uliokuwa unaingia kwenye chipu, kipimo kilionyesha sifuri. Kumbe waya wa umeme haukuwa umeunganishwa. Chipu ilikuwa inaishi kwa umeme mdogo uliovuja kutoka chipu za jirani!

Hiyo tabia ya kula umeme kidogo ndiyo iliyoipeleka ARM kwenye simu. Nokia 6110 ya mwaka 1997 ilitumia ARM, na simu nyingi zikafuata. Kama unaishi mahali ambapo kuchaji ni kupeleka simu dukani na kulipa, unajua thamani ya betri inayokaa siku nne. Hiyo si bahati. Ni watu wachache wa Cambridge na kipimo kilichosoma sifuri.

Laini nayo ina ukoo wake. Laini za kwanza za GSM zilitengenezwa mwaka 1991 na Giesecke & Devrient ya Ujerumani kwa ajili ya mtandao wa Radiolinja wa Finland. Na M-Pesa ilipozinduliwa hapa Kenya Machi 2007, menyu yake ilikaa ndani ya laini yenyewe. Ndiyo maana haikuhitaji simu ya bei. Mama wa sokoni mwenye simu ya tochi aliweza kutuma pesa sawa na mkurugenzi mwenye simu ya kugusa, kwa sababu kakompyuta kenyewe kalikuwa kwenye laini.

Bila watu wa kutunza chipu hizi na hadithi zake, sisi tungebaki kudhani simu zilishuka kutoka mbinguni.

Skrini inaweza kusema uongo

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuandike. Watu hawa ni wakali sana kwa vitu bandia, na ukali wao umetokana na kuumia.

Katikati ya miaka ya tisini kulitokea mtindo mbaya. Kompyuta za aina ya 486 zilikuwa na chipu za kumbukumbu ya haraka zilizokaa karibu na prosesa ili kazi iende mbio. Chipu hizo ziligharimu. Basi watengenezaji fulani wakorofi wakawa wanabandika vipande vya plastiki vyenye umbo la chipu, ndani hakuna kitu. Tupu kabisa! Lakini mteja si angejua akiwasha kompyuta? Hapo ndipo walipokuwa wajanja. Walibadilisha programu ya kuwashia ili skrini iandike kwamba kumbukumbu ya haraka ipo na inafanya kazi.

Soma tena hapo. Kitu hakipo, lakini skrini inasema kipo. Mteja akaamini skrini, akalipa.

Hujawahi kuona jambo kama hilo? Mwenye duka anapokea meseji: umepokea shilingi 4,500 kutoka kwa fulani. Herufi ni zile zile, tarehe iko, namba ya muamala iko, hata salio limeandikwa. Mteja ana haraka, boda inamsubiri nje. Anabeba unga, mafuta na sukari, anaondoka. Jioni mwenye duka akipiga hesabu, pesa haipo. Haikuwahi kuingia. Alichopokea ni plastiki yenye umbo la chipu.

Waliouziwa 486 za uongo waligunduaje? Hawakubishana na skrini. Waliipima kompyuta: wakaipa kazi, wakaangalia kama kweli inaenda kasi inayodai. Wengine walipasua kile kipande, wakakuta utupu. Kanuni yao tangu wakati huo ni moja: usiulize kitu kinajiitaje, uliza kinafanya nini.

Kwa pesa zako kanuni ni hiyo hiyo. Meseji ni jina tu. Salio ndilo kazi. Kabla hujatoa mzigo, ingia kwenye menyu mwenyewe, angalia salio. Mteja wa kweli atasubiri nusu dakika. Anayekufokea kwa sababu unaangalia salio lako, huyo amekwisha kujibu swali lako.

Kusoma alama ndogo

Kuna utapeli mwingine wanaoujua sana: kuandika upya. Mkora anachukua chipu ya kasi ya chini, anaikwangua maandishi, anaipaka rangi nyeusi na kuichapa jina la chipu ya bei ya juu. Kwa macho ya haraka ni mpya.

Wapenzi wa prosesa hawana macho ya haraka. Wanaitega chipu kwenye mwanga kutafuta michirizi ya msasa. Wanasugua kwa pamba yenye asetoni, ile dawa ya kutoa rangi ya kucha, waone kama weusi unatoka. Na zaidi ya yote wanasoma tarehe. Chipu nyingi zina tarakimu nne: mbili za mwaka, mbili za wiki. 9432 ni wiki ya 32 ya mwaka 1994. Sasa mtu akikuletea 6502 yenye alama 7320, hata kama inang'aa vipi, unajua ni bandia, kwa sababu mwaka 1973 chipu hiyo ilikuwa haijazaliwa.

Hiyo ni kazi ya dakika moja, na haihitaji shahada. Inahitaji tu mtu ajue vitu viwili na aulize kama vinakubaliana.

Wewe pia una vitu viwili vya kulinganisha. Meseji inasema salio lako jipya ni 9,200. Je, lilikuwa ngapi kabla? Ukijumlisha, inakubali? Meseji imetoka kwa jina la kampuni, au imetoka kwa namba ya mtu binafsi? Aliyepiga akasema ni huduma kwa wateja anataka namba ya siri: je, tumewahi hata siku moja kukuomba namba ya siri? Hatujawahi, na hatutawahi. Hiyo ni chipu ya 1973. Kata simu.

Hesabu inaweza kukosea, na anayeuliza si msumbufu

Hapa tunajigusa wenyewe.

Mwaka 1994 profesa mmoja wa hesabu, Thomas Nicely wa Chuo cha Lynchburg, Virginia, aliona majibu yake hayakubaliani. Akatafuta kosa kwenye programu yake, hakulipata. Akatafuta kwenye mashine. Mwishowe akabaki na mshukiwa mmoja: prosesa mpya ya Pentium ya Intel ilikuwa inakosea kugawanya namba fulani.

Unaweza kujaribu mwenyewe kwenye kikokotoo cha simu. Gawanya 4,195,835 kwa 3,145,727. Jibu sahihi linaanza na 1.3338. Pentium ile ilitoa 1.3337. Ukichukua jibu hilo, ukalizidisha tena kwa 3,145,727 na kutoa kwenye namba ya kwanza, badala ya kupata sifuri unabaki na 256.

Kampuni ikasema mtumiaji wa kawaida atakutana na kosa hilo mara moja kwa miaka 27,000. IBM, iliyokuwa inauza kompyuta zenye chipu hiyo, ikapiga hesabu yake na kusema inaweza kuwa mara moja kila siku 24. Mwanzoni Intel ilitaka kuwabadilishia wale tu watakaoonyesha kwamba wanahitaji. Watu wakakasirika. Ilipofika Desemba 1994 ikakubali kumbadilishia yeyote atakayeomba, na gharama ikafika dola milioni 475.

Chipu nyingi zilizorudishwa ziliharibiwa. Lakini wapenzi wa prosesa walitunza baadhi. Watu wakawacheka: nani anataka chipu yenye kasoro? Basi mwaka 2024, miaka 30 baadaye, mhandisi Mmarekani Ken Shirriff aliifungua Pentium ya aina hiyo akaitazama kwa hadubini. Kasoro bado ilikuwa pale pale. Kwenye jedwali ambalo chipu inalitumia kugawanya, nafasi 16 zilikuwa tupu mahali ambapo zilipaswa kuwa na namba, na 5 kati ya hizo ndizo zilizoleta kilio chote.

Sisi tunaona hapo sababu kubwa kabisa ya kuwashukuru watu hawa. Wametunza ushahidi. Kampuni zinakuja na kuondoka, wakubwa wanabadilika, makaratasi yanapotea. Lakini chipu ikiwa kabatini mwa mtu, ukweli upo na unaweza kupimwa na yeyote.

Na somo kwetu sisi wenye kampuni za pesa ni chungu kidogo. Ni rahisi sana kumwambia mteja, "mfumo haukosei, angalia vizuri wewe." Mara nyingi mteja amekosea kweli, ametuma kwa namba isiyo yake. Lakini si mara zote. Profesa Nicely angeambiwa aende zake, na kosa lingebaki ndani ya kompyuta za watu. Mteja anayepiga simu kuuliza shilingi 256 zimekwenda wapi si msumbufu. Anatufanyia kazi bure. Tunapaswa kumsikiliza hadi mwisho, na kama hatujamsikiliza vizuri siku fulani, tunaomba radhi.

Kwa upande wako, fanya alivyofanya profesa: weka ushahidi. Usifute meseji za miamala hadi umehakikisha. Omba taarifa ya miamala kila mwezi, ukae chini uisome kama unavyosoma risiti ya supamaketi. Mwenye rekodi hushinda ubishi.

Cha zamani kinachofanya kazi si takataka

Z80 ilitoka mwaka 1976, kazi ya Faggin yule yule baada ya kuondoka Intel na kuanzisha Zilog. Iliendelea kutengenezwa hadi Zilog ilipotangaza mwaka 2024 kwamba inafunga oda za mwisho. Miaka 48! Katika muda huo iliendesha kompyuta za nyumbani, michezo, na mashine za viwandani ambazo hakuna aliyejua zina nini ndani. Hakuna aliyeilazimisha ibaki. Ilibaki kwa sababu kazi ilikuwa inafanyika.

Tunasema hivi kwa sababu katika biashara yetu kuna kishawishi cha kumwona mteja mwenye kabambe kama mtu aliyechelewa. Tunazindua programu mpya ya simu, tunaipamba, tunaitangaza, halafu tunasahau kwamba wapo maelfu wanaotumia menyu ya kubonyeza namba na hawana haja ya kitu kingine. Nyanya wa Kitui anayepokea pesa za mwanawe kwa simu ya tochi hajachelewa popote. Amechagua kifaa kinachokaa na chaji, kinachoshika mtandao, na ambacho kikianguka hakivunji moyo.

Msimamo wetu ni huu, na tunauandika ili mtukumbushe tukisahau: huduma ya pesa inayomwacha mwenye kabambe haijaendelea, imepunguza watu tu. Mjukuu akija likizo akataka kumbadilishia nyanya simu kwa nguvu, kwanza amuulize kama anataka.

Lakini je, si starehe ya wenye nacho?

Tulisema ofisini palikuwa na ubishi, kwa hiyo tuwe wakweli. Mwenzetu aliyesema hizi ni starehe za wasio na shida ya karo hakukosea kabisa. Chipu adimu zinauzwa kwa bei ya ng'ombe, na pengine zaidi. Kuna wanaonunua kwa kujionyesha. Kuna walanguzi.

Lakini linganisha na njia nyingine ambayo chipu kuukuu hupitia. Prosesa kama Pentium Pro ya mwaka 1995 ina dhahabu ya kutosha kuwavutia wachoma vyuma. Pahali pengi duniani, vijana wanachoma waya na kuchovya chipu kwenye asidi ili kupata chembe za dhahabu. Moshi unaingia mapafuni mwao, asidi inamwagwa mtaroni. Chembe ni ndogo, na ugonjwa ni mkubwa. Na wapo matapeli wanaouza "njia ya siri" ya kupata dhahabu kwenye simu mbovu, utume ada kwanza. Usitume.

Katikati ya anayechoma na anayetunza, tunamchagua anayetunza. Na katikati yao yupo mtu wa tatu tunayemheshimu zaidi ya wote: fundi wa hapa kwetu, yule wa Luthuli au wa kibanda cha kona, anayetoa kipande kwenye simu iliyokufa kufufua nyingine. Hajiiti mpenzi wa prosesa, lakini anazijua kwa majina. Daftari lake liko kichwani. Tungependa siku moja liandikwe.

Kabla hujatoa simu yako kuukuu

Pengine una simu mbili au tatu kwenye droo. Kabla ya kumpa mtoto, fundi au mnunuzi wa vyuma, fanya haya:

- Toa laini. Laini ndiyo yenye uhusiano na akaunti yako. Usiitupe pamoja na simu.
- Kama ile namba huitumii tena, hamisha pesa na ubadilishe namba benki, kwenye chama na kwa jamaa. Namba iliyokaa muda mrefu bila kutumika inaweza kupewa mtu mwingine.
- Futa meseji, majina na picha, halafu rudisha simu ilivyokuwa ilipotoka kiwandani. Usisahau kadi ya kumbukumbu.
- Kama uliandika namba ya siri mahali popote kwenye simu hiyo, hata kwa jina la "Shangazi", ibadilishe leo.
- Iliyokufa kabisa usiichome wala usiitupe kwenye jaa. Mpelekee fundi au mahali panapokusanya taka za umeme.

Yule mwenzetu hakuirudisha prosesa yake kwenye pipa. Iko dirishani karibu na jagi la maji, na wageni wakiiuliza tunawaeleza. Aliyecheka siku ile ndiye sasa anaeleza kwa urefu kuliko wote. Wiki iliyopita tulimkuta ameishika kwenye mwanga, ameikaribisha jichoni, anasoma zile tarakimu nne.

"Wiki ya 41," akasema. "Na hii si ya kuandikwa upya. Nimeangalia."

Basi na wewe, kabla hujatoa mzigo, angalia.